Chini ya Ishirini

Kila asubuhi, kabla ya kuvua koti na kabla ya kuitikia salamu kwa kirefu, Bi Wastani alichonga penseli kwa wembe, akakunjua karatasi ya miraba na kuanza kuchora vitone. Kitone kimoja kwa namba moja. Kama darasa la siku hiyo lingetumia vipimo thelathini vya moshi, basi vitone thelathini. Kama ni mia na kumi vya udongo, mia na kumi. Alivipanga kwa mkono, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika jina lake.

Kompyuta ingevichora vitone hivyo kufumba na kufumbua. Nilimwambia hivyo wiki yangu ya kwanza, nikidhani namrahisishia kazi.

"Mwanangu," alisema bila kuinua kichwa, "wewe ukienda kwa watu unaingia moja kwa moja hadi chumbani? Si unapiga hodi? Basi na namba hupigiwa hodi."

Kazi yangu ilikuwa kuweka programu kwenye kompyuta za darasa lake, kuhangaika na nyaya na kugawa karatasi. Darasa lenyewe lilikuwa stoo ya zamani ya kemikali, nyuma ya maabara ya maji. Madawati kumi na mawili, feni moja iliyozunguka ikilalamika, na dirisha linalotazama ukuta. Siku za joto sakafu ilitoa harufu ya asidi iliyomwagika kabla sijazaliwa.

Bi Wastani aliingia katika maabara ile akiwa na miaka kumi na tisa, kuosha chupa. Mama yao alikuwa amefariki na kumwachia mdogo wake wa kike, mtoto wa miaka minne. Asubuhi alimwacha kwa jirani, mchana kutwa akasugua chupa, jioni akasoma. Mtihani wa kwanza ulimshinda, wa pili ukamshinda, wa tatu akaushinda yeye. Akapanda kutoka kwenye karo la kuoshea hadi kwenye mashine, na kutoka kwenye mashine hadi kwenye meza ya watu wanaotia saini ripoti. Jina la Bi Wastani alipewa na waosha chupa waliomfuata. Ukimwambia mume wa fulani ni mlevi, yeye anauliza, "Kwa wastani, siku ngapi kwa wiki?"

Miaka sita kabla ya haya ninayoyasimulia, alipelekwa masomoni miezi mitatu kujifunza njia mpya za takwimu. Aliporudi akaambiwa awafundishe wengine. Tangu hapo, wataalamu wa mazingira wa wilayani waliletwa kwake kumi na wawili kwa mkupuo, wiki mbili kila mkupuo. Walikuja watu wa hewa, watu wa misitu, watu wa taka. Wengi walikuwa wamepima vitu kwa miaka ishirini na hawakuwa na hamu ya kuambiwa kwamba hesabu zao zina kasoro.

Mkupuo wa mwisho ulikuwa na mtu wa mito, jitu la mtu lenye kicheko cha kutikisa dawati. Tulimwita Bwana Mito. Siku ya Jumatatu Bi Wastani alianza na somo alilolipenda kuliko yote, somo la sufuri.

Alieleza hivi. Kila mashine ya kupimia ina mwisho wa kuona, kama jicho la mtu. Mashine ya zamani ya maabara yetu haikuweza kuona risasi, yale madini mazito ya kwenye betri, ikiwa kipimo chake kwenye maji kiko chini ya ishirini. Ikishindwa kuona, ilichapa maneno matatu: "chini ya 20". Lakini fomu ya kumbukumbu ilitaka namba tupu. Ukijaribu kuingiza maneno, kisanduku kinageuka chekundu na fomu nzima inakataa kwenda. Basi wapimaji wakazoea. Penye "chini ya 20" wakaandika 0, kisanduku kikatulia, wakaenda nyumbani.

"Bi Mkubwa," Bwana Mito alisema, "sisi kule stesheni ya kupimia mito tunaandika sufuri mpaka leo, na hatujafa."

"Nani hajafa? Mmehesabu?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

"Sufuri ni neno zito," alisema. "Ukiandika sufuri unaapa kwamba hakuna kitu. Mashine haikuapa. Mashine imesema, mimi hapa sioni. Kipofu akikwambia haoni nyoka, unavua viatu?"

"Sasa tuandike nini?"

"Mwandike mlichoambiwa. Chini ya ishirini. Njia mpya zinajua la kufanya na neno hilo. Zinatazama zile namba zinazoonekana, zinatazama ni ngapi zimejificha, halafu zinakisia waliojificha wamekaaje. Zinakisia, ndiyo. Lakini zinakwambia pia zinaweza kukosea kwa kiasi gani."

Bwana Mito akageukia wenzake. "Yaani tumetoka kwenye uongo mdogo tumekuja kwenye kukisia kukubwa." Wakacheka tena, na safari hii hata mimi nilifunika mdomo.

Jumatano, kabla ya mapumziko, mkuu wa kitengo aliingia na faili kwapani. Alikuwa mtu mpole, mwenye kutembea na muhuri wa ofisi mfukoni mwa koti, na kwa sababu hiyo tulimwita Baba Muhuri. Alimvuta Bi Wastani kando, karibu na meza yangu. Mimi ni mtu ambaye watu husahau kwamba yupo, kwa hiyo nilisikia yote.

"Dada yangu, hii ni kugonga tu," alisema. "Halmashauri wanataka kuvuta bomba kutoka visima vya kule bondeni wapeleke shule ya msingi. Wameomba tuthibitishe ile ripoti yako ya miaka tisa iliyopita. Maji salama, saini, muhuri, basi. Wanaitaka Ijumaa."

Bi Wastani aliitazama barua iliyokuwa ndani ya faili muda mrefu kuliko urefu wake.

"Ya risasi?"

"Hiyo hiyo. Si ulipima wewe?"

"Nilipima mimi."

"Basi tena."

"Nipe mpaka Ijumaa mchana."

Baba Muhuri alipotoka, nilidhani Bi Wastani amenisahau. Lakini aligeuka akaniambia, "Alhamisi hatutumii data ya moshi. Nenda kwenye kumbukumbu, ulizia faili la visima vya bondeni. Usilete zile karatasi zilizopigwa chapa. Niletee utepe wa karatasi uliotoka kwenye mashine yenyewe."

Nililipata kwenye rafu ya chini, limeliwa na mende pembeni. Ndani kulikuwa na karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Ya juu ilikuwa safi, imepigwa chapa: visima kumi na vinne, kila kimoja kimepimwa mara tatu, namba arobaini na mbili. Ishirini na tisa kati yake zilikuwa sufuri. Chini kabisa imeandikwa wastani: tisa nukta sita. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye maji ya kunywa ni kumi. Karatasi ya chini ilikuwa utepe wa mashine, umefifia kuwa rangi ya chai. Palipokuwa na sufuri juu, hapa palikuwa na yale maneno matatu, mara ishirini na tisa.

Bi Wastani hakulifungua faili hadi asubuhi ya Alhamisi. Alichonga penseli, akachora vitone kumi na vitatu haraka haraka, namba zile zilizoonekana, halafu mkono ukasimama. Vile ishirini na tisa hakujua aviweke wapi. Mwishowe kwa kila kimoja akachora mstari wa wima, kutoka sufuri hadi ishirini, maana popote kwenye mstari ule ndipo ukweli ulipo. Ukurasa ukajaa mistari kama uzio.

Darasani hakusema visima ni vya wapi. Aliweka ndoo mbele, ndani yake vipande arobaini na viwili vya karatasi vilivyokunjwa, kila kimoja na kipimo chake. Mtu anachomoa kimoja, anaandika, anakirudisha, anatikisa ndoo, anachomoa tena, hadi apate arobaini na viwili. Kisha anakisia wastani kwa njia mpya. Halafu mwingine anaanza upya. Kwa njia hiyo, alisema, unaona kama jibu lako lingesimama palepale hata bahati ingekuwa nyingine.

"Huu si mchezo wa bahati nasibu huu?" Bwana Mito aliuliza, mkono wake mkubwa umekwama ndani ya ndoo.

"Ni mchezo, ndiyo. Ila anayechezewa ni mtu mwenye kiu."

Walipochoka na ndoo waliiachia kompyuta irudie mara elfu mbili. Nilipita dawati hadi dawati. Kioo cha kwanza, kumi na saba. Cha pili, kumi na saba na ushei. Cha tatu, vivyo hivyo. Ukikosea sana upande wa chini, kumi na tatu. Ukikosea sana upande wa juu, ishirini na tatu. Ile kumi ya usalama haikutokea popote. Mzaha uliisha wenyewe, dawati kwa dawati, kama taa zinazozimwa.

Mtaalamu wa misitu, mama mmoja wa makamo aliyekaa mbele, alivua miwani. "Bi, maji haya watu wanayanywa?"

"Wanayanywa."

"Tangu lini?"

"Kwa ruhusa, miaka tisa."

"Nani mjinga alitia saini?" Bwana Mito alisema kwa sauti kubwa, bado na masalia ya mzaha.

"Mimi," alisema Bi Wastani.

Feni ikaendelea kulalamika. Bwana Mito akasimama, mtu mzima wa kilo mia, akasema, "Nisamehe, mama."

"Kaa chini. Umeuliza swali zuri."

Mchana ule aliandika barua kwa mkono, nikaichapa. Ilikuwa na mistari mitano. Ripoti niliyotia saini miaka tisa iliyopita si sahihi. Naiondoa. Visima vifungwe, vipimwe upya kwa mashine mpya. Hesabu zimeambatishwa. Zimefanywa na watu kumi na wawili, kila mmoja peke yake. Akawaomba watie saini nyuma ya barua, si kumtetea yeye, bali kusema tu kwamba walihesabu. Wanane walisaini. Wanne walisema lazima kwanza wawaulize wakubwa wao. Bwana Mito alisaini wa kwanza, kwa herufi kubwa kama za bango.

Ijumaa Baba Muhuri aliisoma akiwa amesimama, halafu akakaa.

"Dada yangu. Umebakiza miezi kumi na moja ustaafu. Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, utalala wewe."

"Mimi nimelala vya kutosha."

"Wataniuliza mimi. Watasema kitengo kizima kilikuwa kinaandika sufuri. Unajua tuna ripoti ngapi za namna hii?"

"Mia mbili na kumi na nne," alisema Bi Wastani. "Nimezihesabu."

Baba Muhuri aliutoa muhuri mfukoni, akauweka mezani, akautazama kama mtu anayetazama jino lililong'olewa. Lakini nitamsifu kwa hili: barua aliipeleka juu.

Wiki tatu baadaye mashine mpya ilitoa jibu. Wastani wa visima vyote ulikuwa kumi na tisa, na kisima kimoja, kile kilicho karibu na kiwanda cha zamani cha betri, kilikuwa sitini na moja. Bomba la shule likasimamishwa. Visima vikafungwa kwa mnyororo. Siku hiyohiyo ulikuja waraka wa kusema kwamba mafunzo ya takwimu yamesitishwa hadi itakapotangazwa tena, na kwamba Bi Wastani achukue likizo yake yote iliyolimbikizwa, itakayomfikisha hadi siku ya kustaafu. Zile ripoti mia mbili na kumi na tatu zilizobaki hazikutajwa. Madawati yalibebwa. Mimi nikahamishiwa kwenye kuosha chupa, kwa muda, walisema.

Jumamosi alinipigia simu. "Unaweza kunisindikiza mahali?"

Tulikwenda bondeni. Sikujua kwamba mdogo wake anaishi huko hadi tulipofika mlangoni. Nyumba ya vyumba viwili, imepakwa chokaa, ua umefagiliwa ukabaki na alama za ufagio. Hatua thelathini kutoka pale palikuwa na kisima, mnyororo mpya unang'aa kwenye mpini wa pampu, na ndoo kadhaa zimepangwa foleni pembeni yake kana kwamba huenda mtu atakuja kufungua.

"Dada!" Mdogo wake alitoka akikausha mikono. "Mungu amekuleta. Umewaona hawa watu wa halmashauri? Wametufungia kisima. Tunafuata maji kule juu, saa nzima kwenda. Wewe si mtu wao? Hebu waambie ulikwisha kuyapima."

"Tuingie ndani, mama," alisema Bi Wastani. Ndivyo alivyomwita, mama, kama watu wanavyomwita mtoto waliyemlea.

Ndani alikuwepo msichana wa miaka minane, mtoto pekee wa nyumba ile, aliyepatikana baada ya miaka mingi ya kuhangaika. Alikaa sakafuni na daftari. "Shikamoo, mama mkubwa," alisema. Na mimi nikasalimiwa kwa tabasamu. Baada ya kitambo kidogo akasema tena, "Shikamoo, mama mkubwa," kwa furaha ileile, na Bi Wastani akaitikia tena, "Marahaba, mwanangu."

Aliyasema yote akiwa amekaa ukingoni mwa kiti. Mashine, sufuri, fomu iliyogeuka nyekundu. Alieleza polepole, kama darasani, na bila kuficha kitu. Mdogo wake alisikiliza akiwa amesimama.

"Mimi nilihamia hapa kwa maneno yako," alisema mwishowe. "Nikakuuliza, dada, pale karibu na kiwanda nijenge? Ukaniambia jenga, maji nimeyapima mimi mwenyewe. Nilikuwa na mimba ya huyu."

"Nilikwambia hivyo."

"Darasa la pili anarudia. Anasahau. Mwalimu kasema mtoto ni mvivu." Alimtazama msichana, ambaye alikuwa akichora duara juu ya duara. "Nimemchapa, dada. Nimemchapa kwa uvivu."

Bi Wastani akayatazama maduara yale.

"Ni maji?"

"Kwa mtoto mmoja siwezi kusema. Kuna watoto wanaosahau bila sababu yoyote. Lazima apimwe damu, na hata hivyo..."

"Siwezi kusema, siwezi kusema! Siku ile ya kusema ni salama uliweza!"

Msichana aliacha kuchora. Mama yake akamshika mkono, akamwinua, akampeleka chumba cha ndani, na hakurudi. Tulikaa. Nilisikia sauti ya mwanamke analia akiwa ameziba mdomo kwa nguo, na sauti ya mtoto ikiuliza, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, "Mama, nani amekuja?"

Bi Wastani aliacha karatasi juu ya kiti, jina la daktari na siku aliyokwisha kuwawekea nafasi. Tukatoka.

Njiani alitembea upande wa jua. Nilikuwa nimefanya naye kazi miezi saba na sikuwahi kumuuliza kitu ambacho si cha nyaya au karatasi. Nilikuwa na swali moja, na nilikuwa nimelibeba tangu Alhamisi ile ya ndoo. Tulipofika kilimani, mahali anapopumzika mtu mwenye magoti mabovu, alisimama, nami nikauliza.

"Bi, ulijua lini?"

Hakujifanya hajaelewa. Aliutazama mtaa kule chini, mabati na kamba za kuanikia nguo.

"Kule masomoni, miaka sita iliyopita," alisema. "Siku waliyotufundisha habari ya sufuri. Ilikuwa kabla ya chakula cha mchana. Nikaenda nikala."